Kiganja Chini ya Rangi

Mama mdogo wangu hupaka rangi vipande vya plastiki vya magari katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, chumba ambacho kwa watu wengine kingekuwa cha wageni. Asiyekizoea husita mlangoni. Darini zimening'inizwa nyaya nyembamba, na kila waya umebeba kitu: vifuniko vya vioo vya pembeni vilivyokaa kama masikio, grili yenye meno, bampa lililojikunja kama mtu aliyelala ubavu. Vyote havina gari. Huzunguka polepole hata madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu waya uliosokotwa hauchoki kujisokotoa. Mimi nimevuka arobaini na nimesoma hadi chuo, lakini chumba kile sijawahi kukigeuzia mgongo.

Mtaani wanamwita Mama Bampa. Yeye hucheka tu, husema afadhali hilo kuliko kuitwa Mama Silensa, maana huyo angetegemewa atoe moshi.

Kazi alifundishwa na mumewe, baba yangu mdogo, fundi aliyejulikana kwa jina la Kidole. Kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilikatwa na mkanda wa feni ya injini enzi za ujana wake, kikabaki kifupi kama cha mtoto katikati ya vidole vya mtu mzima. Asubuhi moja, miaka saba iliyopita, alikunywa chai, akalalamika kwamba sukari imepungua, akavaa viatu na kutoka kwenda kuchukua grili kwa mteja. Hakurudi. Tulimtafuta hospitali, polisi, mpaka mochwari, ambako mama mdogo aliingia peke yake, mimi nikabaki mlangoni. Mteja alisema hakumwona. Simu yake iliita siku mbili, kisha ikazimika.

Mama mdogo aliendelea kuipiga namba hiyo kila Jumapili baada ya kufua. Mwaka wa tatu ikaita. Sauti ya mtoto ikamwuliza, kwa adabu, anamtaka nani. Akakata. Aliniambia baadaye kwamba si hofu iliyomfanya akate. Ni kwamba hakuwa na jibu.

Barakoa ya mumewe, ile nzito yenye machujio mawili mashavuni, ilibaki kwenye msumari karibu na mlango, ikitazama chumba. Mama mdogo alikuwa na yake. Ya mumewe hakuigusa, ila kila asubuhi akiingia aliisalimia, na mara nyingine nilimsikia akiipa taarifa: nani kaoa, nani kahama, mvua imeanza kuingia upande gani wa dari.

Kazi yenyewe inataka subira. Plastiki haiipendi rangi. Lazima uioshe kwa sabuni ya vyombo, uikwangue kwa msasa wa maji mpaka ing'ae kidogo tu kama ngozi iliyopauka, uipanguse, kisha uipulizie praima yake maalumu, ndipo rangi ikubali kushika. Ukiipangusa kwa kitambaa kikavu hupata umeme mdogo wa kuvuta vumbi. Ukisogeza mkono, vinyweleo husimama vyote kwa pamoja, kana kwamba kitu kimevuta pumzi karibu nawe. Kwa hiyo mama mdogo humwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza, vumbi litulie, na hupuliza saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha bati na upepo haujaamka.

Plastiki pia haitakiwi kuwa baridi. Yeye hupima joto lake kwa mgongo wa mkono. Mumewe alipima kwa kiganja. Alijua kiganja kina mafuta, basi alikisafisha kwanza kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akakibandika kwenye plastiki kikiwa bado kimelowa, akahesabu hadi tano. Hapo ndipo alipokosea kila siku ya maisha yake, kwa sababu thina inayotoa mafuta mkononi hula plastiki. Kila kipande kilichopita kwake kilibaki na chapa hafifu ya kiganja kwenye kona ya chini kushoto, alikoanzia kupuliza siku zote, na kila mara ilimbidi aifukie kwa praima nzito. Mama mdogo alimgombeza kwa miaka kumi na minane. Naye alimjibu kwamba huo mkono ndio kipimajoto pekee kisichotumia betri.

Mwaka huu paa la nyumba lilianza kuvuja juu ya kazi. Ofisi ya vibali vya ujenzi ikamwambia hawezi kupewa kibali cha kuezeka upya bila saini ya mwenye hati, na hati ina jina la Kidole. Njia ilikuwa moja: kwenda mahakamani na kuapa, ili mumewe ahesabiwe kuwa amefariki na nyumba iwe yake. Mimi ndiye ninayeitwa msomi wa ukoo, kazi yangu kubwa ikiwa kuandika barua za watu, basi nikaandika kiapo. Kwamba kwa miaka saba mfululizo hajamwona mumewe, wala kupata habari zake kwa njia yoyote ile. Niliyasoma maneno hayo kwa sauti jikoni kwake, nikayaona yamekaa vizuri. Tulipangiwa Ijumaa. Mashahidi tulikuwa wawili, mimi na shemeji yake, kaka mkubwa wa Kidole, fundi cherehani asiyeishiwa maneno. Mama mdogo alipoonekana kusitasita, shemeji alimwambia atulie, maana hata kampuni ya simu ilishamzika ndugu yake na kuigawa namba yake.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo muuguzi mmoja alileta vipande vinne vya ndani ya milango ya gari lake, vile virefu vyenye matundu ya vitufe vya kupandishia vioo. Rangi ya kijivu ilikuwa inabanduka kama ngozi baada ya homa. Alitaka viwe vyeusi.

Jumatano asubuhi simu yangu ililia nikiwa kazini.

"Njoo uone kitu," mama mdogo alisema. "Usije na mtu."

Nilimkuta kwenye stuli katikati ya chumba, barakoa imesukumwa juu ya paji la uso, sakafu ikiwa bado imelowa. Vipande vitatu vilikuwa vimekauka, vyeusi, safi. Cha nne kilikuwa kwenye waya mbele yake. Alinieleza bila kukitazama. Kijivu kilikuwa kimeoza, kwa hiyo alikwangua mpaka plastiki tupu. Akapuliza praima. Ilipoanza kukauka, kikatokea kitu kwenye kona. Akadhani ni mafuta, akakwangua, akaosha, akapuliza tena. Kikatokea tena, wazi zaidi. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Nilisogea. Kona ya chini kushoto, pale plastiki inapopanuka kuwa pa kuegemeza mkono, kilikuwepo kiganja. Hakikuwa juu ya rangi. Kilikuwa kimevimba kutoka chini yake, kama mtu aliyefunikwa shuka anapousukuma mkono kwenye kitambaa. Cha shahada, cha pete, kidole kidogo. Na katikati yake kimoja kifupi, chenye ncha butu.

Vinyweleo vya mkono wangu vikasimama. Nilijua ni umeme wa plastiki. Nilijiambia hivyo.

Sikumbuki nilisimama pale muda gani. Nakumbuka maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa alichokuwa amekishika, na kipande kikianza kuzunguka kwenye waya wake, kiganja kikiondoka polepole machoni petu, kikirudi, kama kinapunga.

Nilimwambia kuna mafundi wengi waliokatwa vidole. Ni kazi ya mashine, nikasema, haichagui.

"Ni wengi," alikubali. "Na wote wanaanzia kona ya kushoto?"

Basi nikasema alichokuwa anataka kusikia, au nilichodhani anataka. Kwamba baba mdogo alikipaka kipande hicho zamani, hapahapa chumbani, na magari huzunguka, hubadilisha mikono, na sasa kazi yake imerudi nyumbani kwa bahati tu. Nilisema hata kwamba ni jambo zuri, kama salamu kutoka kwa marehemu kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimeanza kuyaamini maneno yangu mwenyewe. Yeye alinyanyuka, akakitoa kipande kwenye waya kwa ncha za vidole, akakigeuza.

Upande wa nyuma wa plastiki za magari, usiopakwa rangi na usioonwa na mtu ila fundi, kiwanda huacha alama ndogo ya mviringo. Iko kama uso wa saa. Pembeni zimepangwa tarakimu za miezi kumi na miwili, katikati kuna mshale mmoja na tarakimu mbili za mwaka. Mshale unaonyesha mwezi ambao kipande kilimiminwa kwenye kalibu. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba kitu hicho kipo. Mama mdogo alifundishwa kukisoma na mumewe, ili asiuziwe vikuukuu kwa jina la vipya.

Akaweka ukucha chini ya tarakimu. Nikasoma. Nikahesabu kwa vidole, mimi msomi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Plastiki ile ilizaliwa miaka miwili baada ya Kidole kunywa chai na kuvaa viatu.

"Huenda alama imekosewa," nilisema.

"Huenda," alisema, akaketi tena.

Nje mtu alikuwa anaburuta meza juu ya saruji. Barakoa ya msumarini ilikuwa inatutazama kwa yale macho yake ya kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba machujio yake hayakuwa na vumbi. Alikuwa anayafuta. Kwa miaka saba alikuwa anayafuta bila kuigusa mbele yetu.

"Nimekuwa nikiisalimia ile," alisema, akiielekeza kwa kidevu. "Nikidhani naongea na mtu asiyeweza kujibu. Kumbe naongea na mtu anayekula, analala, anaosha mikono yake kwa thina. Mzimu nisingeuogopa, mwanangu. Mzimu haukuchagua kwenda."

Tulimpigia muuguzi. Mama mdogo alizungumza naye kwa sauti yake ya kazi, akijifanya anataka kujua praima ya zamani ni ya aina gani. Muuguzi alisema gari alilinunua kwa dalali, mji mwingine, mwaka juzi, na milango ilikuwa hivyohivyo. Kwa nini vipande vilipakwa hakujua. Alikumbuka tu dalali akimsifia ile kazi, kwamba ilifanywa na fundi mmoja mzuri sana, mtu mkimya, anayefanyia kazi nyumbani. Namba ya dalali aliitoa. Tuliipiga mara nne. Haikupatikana, wala haikupatikana siku zilizofuata.

"Nyumbani," mama mdogo alisema baada ya kuweka simu.

Niliondoka saa saba. Nilipogeuka getini nilimwona dirishani, barakoa usoni, amerudi kazini. Alikwangua ile kona mpaka chini, akaijaza puti ya plastiki, akailainisha, akapuliza mara tatu nyepesinyepesi badala ya mara moja nzito. Alhamisi muuguzi alikuja kuvichukua vipande vyake, akapitisha kidole juu ya kile cha nne, akasema ni kama vimetoka dukani. Mama mdogo alishukuru. Aliniambia baadaye kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni muda wote.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikulala vizuri. Nilijaribu kufikiri kama mtu mwenye elimu. Alama ya kalibu inaweza kukosewa. Dunia ina kona nyingi za kushoto. Hata kama ni yeye, mtu aliyekuacha kwa miaka saba bila neno amekufa kwako kwa namna yake, na mvua haingoji. Ningeweza kumwambia haya yote asubuhi. Lakini nilipofumba macho nilikiona chumba kingine, mahali fulani, chenye nyaya darini na vipande vinavyozunguka, na sakafu iliyomwagiwa maji. Saa nne asubuhi. Mtu amenipa mgongo, anahesabu hadi tano. Na nyuma yake, kwenye mlango, mwanamke mwingine anamgombeza.

Mahakamani tuliketi kwenye benchi la mbao, shemeji akiwa amevaa koti alilojishonea mwenyewe na kutueleza kwa kirefu jinsi alivyoweka bitana yake. Tulipoitwa, karani alisoma kiapo changu kwa sauti iliyochoka. Alipofika kwenye sentensi yenyewe, mama mdogo aliomba airudie. Akairudia. Hajamwona mumewe, wala kupata habari zake kwa njia yoyote ile.

Kalamu ilikuwa imeshawekwa mbele yake.

"Habari zake ninazo," alisema.

Shemeji aliacha kushika koti lake. Karani aliuliza ni habari za namna gani, barua, simu, au kuna mtu amemwona. Mama mdogo alifikiri sana kabla ya kujibu. Nadhani alikuwa anatafuta jibu la kweli ambalo lingeingia kwenye fomu.

"Ni mkono wake," alisema.

Karani alingoja aongezewe. Hakuongezewa, akafunga faili.

Huko nje shemeji alimpandishia, si kwa kelele, bali kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya zaidi. Alisema mtu mzima anaikataa nyumba kwa sababu ya doa. Aliponigeukia mimi nimsaidie, nilimweleza ile saa ndogo ya nyuma ya plastiki, mwezi na mwaka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya ngazi za mahakama na koti lake jipya, akauliza, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, ndugu yake anaishi na nani. Siku hiyo hakufanya mzaha tena.

Zilipita kama wiki sita kabla sijarudi kwa mama mdogo kwa shughuli yangu mwenyewe. Kifuniko cha kioo cha pembeni cha kushoto cha gari langu kilikuwa kimechunwa na geti. Nilikuwa nimekiacha kwake siku chache kabla, na nilikuja kukichukua. Mvua ilikuwa imeshaanza. Ndani ya chumba cha nyuma kulikuwa na beseni mbili chini ya matone, na turubai limevutwa juu ya nyaya kwa ustadi, maji yateleze upande mmoja. Msumari wa mlangoni ulikuwa mtupu. Ukutani palibaki duara la rangi safi, na chini yake mawili madogo, pale barakoa ilipokuwa imeuzuia ukuta usizeeke.

Hakunisikia kuingia, kwa sababu ya mvua juu ya bati. Mbele yake palikuwa na grili iliyokwisha kukwanguliwa, plastiki tupu. Alivua glovu ya mkono wa kulia. Akamimina thina kidogo kiganjani, akaisambaza kwa kidole gumba. Kisha akakibandika kiganja kwenye kona ya chini kushoto, akakikandamiza. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Alipokitoa, plastiki ilibaki na unyevu wenye umbo la mkono mdogo, vidole vyote vizima.

Akainua bunduki ya rangi, akaufukia kwa praima.

"Mama mdogo," nilisema, "utaharibu kazi za watu."

Hakushtuka. Alimaliza mkupuo wake mpaka mwisho wa grili, kwa mkono uliotulia kabisa, ndipo akainua barakoa.

"Hauonekani," alisema. "Praima ikiwa nzito hauonekani kabisa. Mpaka mtu aje aikwangue yote, afike kwenye plastiki."

"Na nani atakwangua mpaka huko?"

"Fundi," alisema.

Nilimwuliza anafanya hivyo tangu lini. Tangu ile Ijumaa, akasema. Nilimwuliza kwenye vipande vingapi. Alitazama juu, kwenye nyaya, nami nikatazama. Bampa, grili, masikio yale, vyote vikizunguka polepole chini ya turubai, vikisubiri kufungwa kwenye magari na kwenda kila upande ambao barabara zinakwenda. Hakuvihesabu. Alinyosha mkono tu, akatoa kifuniko changu kwenye waya wake, akakifuta kwa kitambaa kilicholowa, akanipa.

Nilikifunga mwenyewe kwenye gari, mvua ikininyeshea. Ni cheusi, laini, hakina doa. Nikiendesha hukiona pembezoni mwa jicho, upande wangu wa kushoto. Wakati wa jua kali hupata joto, na siku moja, gari likiwa limesimama, nilishuka, nikanyosha mkono nikipime kwa kiganja. Niliurudisha kabla haujafika.